Rangoli, hadithi, ladu au darasa la mandir: kipi kinamfaa mwanao?

Wazazi wenzangu, kila Navratri, zile siku tisa za Mungu Mama, ikikaribia maswali ni yale yale. Mtoto ana miaka minne, mitano, sita, Krismasi anaijua, Idd anaijua maana shuleni ndo wanaimba, ila ukimuuliza Diwali, sikukuu yetu ya taa, ni nini anakwambia ni fataki na nguo mpya. Sasa unataka kumfundisha, af vya kumfundishia viko kibao, kuna rangoli (michoro ya rangi mlangoni), kuna diya (vitaa vya mafuta), hadithi, garba (ngoma ya kuzunguka), shloka (beti za Kisanskriti), kupika prasad (chakula kinachotolewa kwa Mungu kwanza), kuna darasa la wikendi kule mandir, yaani hekaluni, kuna katuni, na we mzazi una Jumamosi moja tu na umeshachoka. Kwa hiyo hapa navipanga viwili viwili tuone kipi kinazidi kipi, na kwa mtoto wa umri gani.

Naongelea dini ya Kihindu, sio Wahindi wote kwa ujumla, manake Mhindi wa Dar au Mombasa anaweza akawa Ismailia, Bohora, Mgoa Mkatoliki, Singasinga, na hao wana yao. Na kuna Wahindu ambao sio Wahindi kabisa, nenda mandir ya Hare Krishna pale Nairobi utakuta Waafrika wanaimba kirtan hadi we uliyezaliwa nayo unaona aibu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usisome mpaka chini unautafuta: ukikwama kabisa, chagua kile ambacho mwisho wake mtoto anampa mtu kitu kwa mkono wake. Vinavyoishia kwenye picha ya status ni vizuri pia, ila baada ya wiki mtoto keshasahau.

Hadithi ya mdomo au katuni ya simu

Katuni ina faida, tusidanganyane. Mtoto anamwona Hanuman, yule mungu nyani, anaruka bahari, anamwona yule mfalme mbaya Ravana na vichwa vyake kumi, muziki upo, rangi zipo, na we unapata nusu saa ya kupika kwa amani. Tena inamsaidia hata mzazi, wengi wa kizazi chetu tulikuwa tunapelekwa mandir tunaunganisha mikono tunapokea prasad tunarudi nyumbani, hadithi zenyewe hatuzijui vizuri. Shida ya katuni ni lugha, nyingi ni Kihindi au Kiingereza cha haraka, mtoto anashika picha tu maana haimwingii. Af YouTube inajiendea yenyewe, umemwacha na Krishna anaiba siagi, ukirudi kutoka jikoni unamkuta anaangalia mtu mzima anafungua midoli.

Hadithi ya mdomo hela yake sifuri, na mtoto wa miaka mitatu hadi sita hahitaji uijue Ramayana, ile hadithi ndefu ya Rama, yote, anahitaji vipande. Anza na kindi. Rama anajenga daraja kwenda Lanka kumkomboa mkewe Sita, jeshi la nyani linabeba majabali, kindi naye anataka kusaidia ila hana nguvu, anachofanya anajigaragaza kwenye mchanga, anakimbia darajani anajikung'uta, anarudi tena. Wakubwa wanamcheka. Rama anamchukua mkononi anampapasa mgongoni kwa vidole vitatu, ndo maana kindi wa kule India wana mistari mitatu mgongoni. Ukifika hapo mpitishie mtoto vidole vitatu mgongoni kwake, taratibu, kutoka shingoni kwenda chini. Nakuhakikishia ataomba urudie. Na kesho yake ukimwambia peleka vijiko mezani mwite kindi, uone atakavyokimbia.

Ya pili ni ya Ganesha, yule mungu mwenye kichwa cha tembo, na kaka yake Kartikeya, waliposhindana nani atawahi kuizunguka dunia. Kartikeya kapanda tausi wake huyo kaondoka, Ganesha ana tumbo lake na kipanya chake, atafika wapi? Akatulia, akawazunguka baba na mama yake, akasema dunia yangu ni nyie. Hii inachezeka kabisa, baba na mama mnakaa katikati ya sebule watoto wanazunguka. Mtoto ambaye tayari anaamkia shikamoo kila siku hapati taabu kuelewa kwa nini tunagusa miguu ya babu na bibi, ni heshima ile ile.

Kuna Sudama pia, fukara anayekwenda kumwona rafiki yake wa utotoni Krishna ambaye sasa ni mfalme, zawadi yake ni kafurushi ka poha, mchele uliopondwa bapa, unafanana sana na pepeta za Zanzibar. Anaona aibu kuutoa. Krishna anamnyang'anya anaula kwa furaha. Ukipata pepeta mle wote huku unasimulia, hadithi inakuwa na ladha mdomoni.

Na zipo za Panchatantra, hadithi za kale za India za wanyama, hizi wala huhitaji kueleza miungu kwa hiyo hata watoto wa jirani wanakaa kusikiliza. Ile ya kima na mamba mnaijua wote, mamba anataka moyo wa kima, kima anamwambia aa, moyo wangu nimeuacha juu ya mti, nirudishe nikauchukue. Huku pwani ipo siku nyingi, kwenye hadithi za Zanzibar alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha 1870 mamba amekuwa papa na mti ni mkuyu, kule India ni mzambarau. Panchatantra yenyewe iliingia Kiarabu tangu karne ya 8 kwa jina la Kalila wa Dimna, kwa hiyo ilivyofika pwani sio muujiza. Mtoto wako akija kuisikia shuleni atanyoosha mkono aseme hii bibi yangu anaijua, na hiyo furaha katuni haiwezi kuileta.

Angalizo moja, sio kila hadithi ni ya kila umri. Ganesha alivyopata kichwa cha tembo ni hadithi nzuri lakini mwanzo wake ni baba anamkata mwanae kichwa, mtoto wa miaka mitatu halali hapo. Prahlad na Narasimha vilevile, yule baba mkatili wa Prahlad anararuliwa tumbo na Narasimha, mungu nusu mtu nusu simba. Hizo mi naona zisubiri miaka sita saba, na hata hapo anza na imani ya Prahlad, sehemu ya damu usiisimulie.

Kwa hiyo chini ya miaka saba hadithi ya mdomo inashinda mbali, katuni iwe ya kuangalia pamoja baada ya mtoto kuijua hadithi tayari. Anza na paukwa pakawa kama kawaida, hamna sheria inayosema hadithi ya Kihindu lazima ianze kwa Kisanskriti.

Rangoli au diya

Hapa wengi wanakimbilia rangoli kwa sababu inapendeza. Na kweli inapendeza, na inafundisha subira na kukaribisha wageni, maana inachorwa mlangoni kumkaribisha Lakshmi, mungu wa riziki, na kila anayeingia. Ila kwa mtoto wa miaka minne rangoli ni ndefu. Dakika kumi za kwanza anafurahi, baada ya hapo anakanyaga, na mzazi anaanza kufoka usiguse hapo, usipite hapo, mwisho wa siku rangoli imechorwa na mama, mtoto ameitwa kupiga picha.

Ukiitaka kwa wadogo punguza. Chora duara kwa chaki kwenye pevingi, ligawe kama pizza, kila kipande mtoto ajaze kitu, choroko hapa, dengu pale, mchele mweupe, mchele uliotiwa manjano. Haimalizi hela maana vyote viko jikoni, na ule unga wa rangi wa dukani wenye glita waachie wakubwa. Kwa wa chini ya miaka mitatu hata choroko usimpe, zinaingia puani hizo, mnaishia hospitali siku ya sikukuu.

Kule kusini mwa India, Tamil Nadu, wanawake wanachora kolam, rangoli ya kwao, kila asubuhi kwa unga wa mchele, na sisimizi na ndege wanaula, yaani mapambo yako ni chakula cha viumbe wengine. Ukichora nje hapa Dar huhitaji hata kueleza sana, kunguru watafika kabla hujamaliza. Badala ya kuwafukuza mwambie mtoto ndo tumewaandikia wao. Ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe, na ukarimu vimeingia humo humo bila lekcha.

Diya sasa. Udongo wa mfinyanzi ukiupata ni bora zaidi, usipoupata kanda unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kimoja, maji kimoja, mtoto anafinyanga kibakuli kama kiganja, anabonyeza mdomo wa utambi kwa kidole gumba, mnakausha siku kadhaa, anapaka rangi. Diya ya unga weka taa ndogo ya betri ndani usiwashe moto. Za udongo halisi zilizochomwa ndo za samli na utambi wa pamba, na hizo mpya ziloweke kwenye maji masaa machache kabla zisinywe mafuta yote. Kuwasha ni kazi ya mkubwa, mtoto nywele zifungwe, dupatta (mtandio) na nguo za nailoni zinazoning'inia avue, hilo halina mjadala.

Hadithi yake iko tayari, Rama anarudi Ayodhya baada ya miaka 14 uhamishoni, usiku hauna mwezi, watu wanawasha taa aione njia ya nyumbani. Mtoto anaielewa maana hata umeme ukikatika anajua taa ni nini.

Na kwa sisi Wagujarati Diwali ndo mwisho wa mwaka wa hesabu, madukani inafanyika chopda pujan, daftari jipya la hesabu linafunguliwa linaandikwa Shubh na Labh, heri na faida, kesho yake mwaka mpya watu wanapeana Sal Mubarak. Kama una duka au ndugu ana duka mpeleke mtoto aone, aweke ua moja juu ya daftari. Atajua kwamba kazi na pesa navyo vinaombewa viwe vya halali.

Diya inashinda kwa miaka mitatu hadi sita, kwanza imekwisha haraka, pili inabebeka. Mtoto anaweza kuchukua diya aliyoitengeneza akampelekea mama wa ghorofa ya chini. Rangoli huwezi kumpelekea mtu. Akifika miaka saba nane geuza, hapo rangoli inampa changamoto, vidoti, pembe, ulinganifu, na anaweza kukaa saa nzima.

Shloka au garba

Kuhifadhi shloka kuna heshima yake na mababu wanaipenda hiyo kupita zote, mtoto akisimama mbele ya wageni akaitoa Gayatri mantra bila kukwama bibi anatokwa na machozi. Ukitaka ukweli watoto wadogo wanahifadhi vizuri kuliko sisi, wenzetu wanaowapeleka watoto chuoni wanajua, mtoto wa miaka mitano anameza sura nzima. Tatizo linakuja pale inapokuwa sauti tupu. Hanuman Chalisa, ule wimbo wa kumsifu Hanuman, ina beti 40, ukimlazimisha wa miaka mitano aijue yote mwezi mmoja utapata mtoto anayejificha ukiitaja mandir. Mpe mistari miwili ya kwanza akiwa anapanda ngazi, imtoshe.

Bora zile shloka zenye vitendo. Asubuhi kabla hajashuka kitandani afungue viganja aviangalie, aseme Karagre vasate Lakshmi, ncha za vidole anakaa Lakshmi, katikati ya kiganja Saraswati, chini kabisa Govinda. Yaani riziki, elimu na Mungu vyote viko kwenye mkono wako, na huo mkono ndo utakaofanya kazi leo. Inayofuata ndo watoto wanaipenda zaidi, Samudra vasane devi, unaiomba ardhi msamaha kwa sababu unakwenda kuikanyaga. Mtoto anakuuliza kwani ardhi inaumia? Hapo ndo pa kukaa, usikimbie kujibu, acha aguse sakafu kwa mkono kabla ya mguu. Mtoto anayemuomba ardhi radhi asubuhi unaweza ukamwambia mchana asitupe kopo la juisi barabarani na akakuelewa.

Garba ni kinyume chake, mwili mzima. Siku tisa za Navratri mnazunguka, katikati kuna picha ya Mataji, huyo Mungu Mama, au chungu chenye matundu na taa ndani. Yeye Mama ametulia katikati, sisi ndo tunazunguka. Hatua za watoto ni rahisi, anza na makofi mawili, be tali, akiyazoea makofi matatu, baadaye dandiya, ile ya kugonganisha vijiti. Vijiti halisi vinavunja vidole, viringisha gazeti likaze, funga na selotepu ya rangi. UNESCO wameiingiza garba ya Gujarat kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2023, kwa hiyo ukiulizwa shuleni hicho ni kitu gani una jibu la kisomi kabisa.

Gharama za garba ni usingizi na masikio. Kumbini muziki unapigwa mpaka usiku mnene na kesho shule, spika zingine ukisimama karibu kifua kinatikisika. Wa chini ya miaka sita aje mapema, aarti (ibada ya taa) ya kwanza, raundi chache, arudi. Na ukitaka ukweli wangu, garba inafundisha utamaduni na kuwa na watu wako, ila maadili peke yake haiyafundishi sana mpaka mtu ampe maelezo, mtoto anakumbuka chaniya choli, zile sketi na blauzi za garba, na soda. Sio vibaya. Utamaduni nao ni kitu.

Mtoto mwoga, mwenye aibu, anza na shloka za kitandani. Asiyekaa chini, garba bila kufikiria mara mbili.

Jikoni au chungu cha tulsi

Hivi viwili watu hawavihesabu kama masomo, na kwangu ndo vinaongoza.

Jikoni chukua ladu, vile vitufe vitamu, za unga wa dengu. Mkubwa anakaanga unga kwenye samli moto mdogo, unakoroga unakoroga mpaka harufu ibadilike iwe kama karanga, unaepua, unapoza, ndo unatia sukari iliyosagwa na iliki. Hapo mtoto anaingia, mikono imepakwa samli, anaviringa. Zitatoka kubwa, ndogo, zingine zina pembe, ziache hivo hivo. Sasa somo lenyewe liko hapa: haruhusiwi kulamba kidole. Kinachoenda kuwa prasad hakionjwi kabla hakijawekwa mbele ya Mungu. Mtazame mtoto wa miaka minne vidole vyote vinang'aa samli, ameviweka hewani kama daktari wa upasuaji, anakuangalia wewe, anaangalia vidole, anaangalia sahani. Anasubiri. Hamna hotuba ya subira inayoweza kufanya hivo. Mnaweka sahani, mnawasha diya, mnaomba kidogo, dakika mbili tatu, af anaruhusiwa, lakini wa kwanza kula sio yeye, anazungusha kwanza kwa babu, kwa dada wa kazi, kwa mlinzi getini, mwisho ndo yeye. Kwenye Ganesh Chaturthi, sikukuu ya Ganesha, badilisha mpike modak, wale wa Maharashtra wanazijaza nazi na sukari guru, vitu ambavyo huku pwani viko soko lolote, desturi yake ni kutoa 21 na mtoto anajifunza kuhesabu humo humo.

Siku ya Diwali sahani zinaenda kwa majirani, na mnajua desturi ya huku, sahani hairudi tupu. Idd inarudi na biriani, na kama nyumba yenu hamli nyama jirani anayewajua atawawekea kaimati au visheti. Mtoto ndo abebe sahani, agonge mlango, aseme mwenyewe. Akiulizwa mnasherehekea nini mwachie ajibu kwa maneno yake hata kama atakosea nusu.

Tulsi ni ya watu wasiokuwa na muda. Ni jamaa wa mrehani na kivumbasi, inaota kwenye ndoo iliyotoboka. Mtoto anamwagilia kila asubuhi kikombe kimoja, anazunguka chungu, basi. Jioni haichumwi, mwambie imelala. Ni jambo la sekunde thelathini ila ni kila siku, wakati ladu ni mara chache kwa mwaka na jikoni panachafuka. Mzazi anayefanya kazi mpaka saa mbili usiku achukue tulsi na zile shloka za asubuhi, wala asijione ameshindwa. Mwenye bibi nyumbani, jikoni, tena ampishe bibi aongoze.

Darasa la mandir au nyumbani

Huu ndo ubishi mkubwa kwenye familia. Darasa la wikendi lina kitu ambacho nyumbani huwezi kukipata hata ufanyeje, wenzake. Mtoto wa Kihindu kwenye shule nyingi za Bongo kipindi cha dini kikifika Wakristo wanaenda huku, Waislamu kule, yeye anabaki darasani anachora. Kenya angalau kwenye mtaala wa shule kuna somo kabisa, HRE, yaani elimu ya dini ya Kihindu, sambamba na CRE ya Wakristo na IRE ya Waislamu, na Diwali sheria inaitambua kama sikukuu kwa Wahindu. Sasa yule anayebaki anachora akienda Jumapili akakuta watoto thelathini wanaimba anachokijua yeye, mgongo unanyooka. Hicho pekee kinatosha kumpeleka.

Ila madarasa hayafanani. Mengine yana michezo, maigizo, watoto wanavaa mkia wa Hanuman wanaruka, mengine ni kukaa chini saa moja na nusu kimya anasikiliza mtu mzima. Kabla hujamwandikisha omba ukae nyuma siku moja. Angalia kama watoto wanaulizwa au wanaambiwa tu. Angalia umri, darasa linalochanganya wa miaka minne na wa kumi na mbili linamfaa wa kumi na mbili. Uliza lugha, na hapa pana kazi, manake walimu wengi wanafundisha kwa Kigujarati kizuri cha kule na watoto wetu wanaongea Kiswahili na wenzao, Kiingereza shuleni, Kigujarati au Kikachi cha jikoni tu. Mi naona hadithi na maana zisemwe kwa lugha anayoota nayo mtoto, hata kama ni Kiswahili, Kigujarati kije kwenye nyimbo na majina ya vyakula. Najua kuna wazee watakaonipinga hapa, na wana hoja, lugha ikienda na bibi mtoto hawezi tena kuongea naye. Basi bibi aongee Kigujarati, mwalimu aeleze kwa Kiswahili, mtoto achukue kote kote.

Kama hakuna darasa mjini kwenu au liko mbali, mandir yenyewe bado ni darasa ukienda na kazi mkononi. Usimpeleke mtoto asimame tu. Pale Kisutu Dar mahekalu yako mtaa mmoja, mpe kazi ya kuhesabu kengele, kila Mungu yuko na mnyama gani, Shiva na ng'ombe dume, Ganesha na panya, Kartikeya na tausi, Durga, huyo Mungu Mama, na simba au chui milia. Ukiwa Nairobi ile mandir ya Swaminarayan iliyofunguliwa 1999 ina michongo ya mawe na mbao mpaka shingo inauma kuangalia, mwambie atafute michongo mitatu atakayoichora akirudi. Na viatu, mpangie kazi ya kupanga viatu vya watu mlangoni. Hiyo ni seva, yaani kutumikia bila malipo, haina gharama, na watoto wanaipenda kwa sababu ambazo mtu mzima hawezi kuzielewa.

Wa chini ya miaka mitano nyumbani panatosha, darasa ni la kwenda kucheza na wenzake tu. Kuanzia sita darasa linakuwa muhimu, na nyumbani pasiachwe, manake mtoto anayefundishwa seva Jumapili af Jumatatu anamwona mzazi anamfokea dada wa kazi, keshajua kipi ni cha kweli.

Rakhi na Holi, haraka haraka

Rakhi ni ya mwezi wa nane mara nyingi, rahisi kuliko zote, uzi, shanga, gundi, mtoto wa miaka minne anaweza. Dada anamfunga kaka mkononi, kaka anaahidi kumlinda. Asiye na kaka amfunge binamu, baba, rafiki, hata askari wa geti, na siku hizi familia nyingi dada anamfunga dada na wanaahidiana wote wawili, mi naunga mkono. Ukilinganisha na Holi, sikukuu ya rangi, rakhi inazidi kwa maana, Holi inazidi kwa raha.

Holi iko Februari au Machi, rangi za dukani zingine zinawasha ngozi, kwa wadogo tengeneza, unga wa mahindi laini na manjano, maji ya bitiruti, maji ya rozela yanatoa wekundu mzuri. Hadithi ya Holika, shangazi wa Prahlad aliyeungua motoni, iwe fupi. Mwalike na watoto wa jirani ila waombe wazazi wao ruhusa kwanza, sio kila mtu anapenda mwanae kurudi kijani. Wavae nguo za zamani, wapakwe mafuta ya nazi mwili mzima na kichwani kabla hawajatoka, hasa wenye nywele za rangi nyepesi na waliosuka, la sivyo kesho yake mtu anaingia darasani na rasta za pinki na we ndo unapigiwa simu.